Mke wa Mawaleh

Habari kwamba nimeoa mke wa pili nilizipata kwenye maegesho ya msikiti, baada ya sala ya Ijumaa, na aliyeniletea alikuwa shemegi yangu, kaka wa mke wangu. Alinishika mkono, akanivuta nyuma ya gari yake ili watoto wake wasisikie.

"Mie sikulaumu kwa kuoa," akasema. "Dini imekuruhusu. Nakulaumu kwa kuficha. Dada yangu keshajua, na analia."

Nilisimama pale, jua la Amerat, mtaa wetu hapa Muscat, linanichoma utosini. Sikuwa na mke wa pili. Huyo mmoja niliye naye ananitosha na kunizidi. Nilichokuwa nacho ni daktari, huko Mawaleh, upande wa pili wa mji, niliyekuwa nikimwendea kila Jumatatu alasiri bila ya mtu kujua, na daktari huyo alikuwa wa maradhi ya nafsi. Kwetu sisi wenye asili ya Unguja haitwi hivyo. Anaitwa daktari wa wendawazimu, na anayemtaja hupunguza sauti hata akiwa peke yake na mkewe.

"Wa wapi?" shemegi akauliza. Hasira yake ilikuwa imeshaanza kupoa, na udadisi wa kiume umeingia mahali pake. "Nasikia yuko Mawaleh. Mtu wa kwetu au Mwarabu?"

Ningemwambia kweli, yangekwisha palepale. Badala yake nilitabasamu, na kibaya zaidi ni kwamba tabasamu lile lilinitoka lenyewe. Kwa miezi mingi nilikuwa nikijiona mtu aliyepungua, na sasa mwanamme mwenzangu alikuwa akiniangalia kwa wivu.

"Tutazungumza," nikamwambia. Akanipiga bega. Nikarudi nyumbani nina wake wawili.

Yote yalianzia Aqaba. Hiyo ni barabara ya mlimani inayotupandisha sisi wa Amerat na kututeremsha upande wa pili, Bausher, kwenye maofisi na mabarabara makubwa. Nimeipita kwenda kazini Al Khuwair miaka nenda miaka rudi, mkono mmoja kwenye usukani na mwengine kwenye gilasi ya chai. Asubuhi moja, katikati ya mteremko, nyuma ya lori la kokoto, moyo ulianza kunienda mbio bila ya sababu. Vidole vikafa ganzi. Koo likabana. Ule mlima wa mawe matupu niliouzoea ukawa kama unanijia. Nikajua nakufa, na nilichokifikiria si kutamka shahada wala watoto. Nilifikiria kwamba gari yangu itaziba njia na watu watapiga honi.

Sikufa. Nilijikokota mpaka hospitali, wakanibandika nyaya kifuani, wakanitoa damu, na daktari kijana akaja na uso wa furaha kuniambia moyo wangu mzima. Niliumia. Mwanamme mwenye maradhi ya moyo huletewa matunda, watu humwachia kiti, wanawe hushusha sauti akipita. Mimi niliambiwa kwa upole kwamba pengine ni hofu tu, na kwamba yupo daktari wa nafsi, nikipenda. Sikupenda.

Nikaanza kuikwepa Aqaba. Nilipita Wadi Adai, njia ndefu, nikamwambia mke wangu kwamba juu kuna foleni. Nilisoma nyiradi zangu asubuhi na jioni. Mama yangu, niliyemwambia tu kwamba silali vizuri, alinipa kombe la zafarani, aya zilizoandikwa sahanini na kuoshwa kwa maji, nikalinywa mpaka tone la mwisho. Nafsi ilitulia kwa muda, nisiseme uongo, kisha ile hali ikanifuata kwenye lifti ya ofisini. Ikanifuata kwa kinyozi, nikatoka mbio na ndevu za upande mmoja. Ikanifuata mpaka msikitini, ndani ya safu, nikakata sala na kupenya katikati ya watu viatu mkononi. Siku ile ndiyo niliyopiga simu Mawaleh.

Kwa nini basi nisimwambie mtu? Kwa sababu ya binti yangu. Mkubwa wetu huyu ni mwalimu, na mwalimu mwenzake alikuwa ametuma salamu kwamba wazee wake wanataka kuja. Kwetu posa haianzii sebuleni. Inaanza kwa kuulizia. Watu wa kijana hutuma mtu mzima mmoja, mpole, asiye na haraka, akazungumza na imamu wenu, na jirani yenu, na mtu anayefanya kazi nawe. Mimi mwenyewe nimeshatumwa mara nyingi, na nasifiwa kwa kuuliza bila ya kuonekana nauliza. Unaanza na sala, unakwenda kwenye tabia, halafu mwisho, umeshasimama kuaga, unasema kama mtu aliyekumbuka jambo dogo: "Na kwao, wazima?" Hapo hakiulizwi kisukari. Kisukari tunacho sote. Linaulizwa jambo moja tu na kila mtu analijua. Nimeshaona posa ikivunjika kwa sababu mjomba wa binti alikuwa akizungumza peke yake.

Kwa hiyo nilijua vizuri nini kitatokea mtu akiniona natoka kwenye mlango ule. Hawatasema baba mtu anatibiwa. Watasema kwao mna wazimu, na mwanangu, asiye na kosa lolote, ataulizwa hivyohivyo kwa sauti ya chini mpaka azeeke nyumbani kwangu.

Halafu kuna baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuja hapa kijana kutoka Unguja, mweusi kama mimi, Kiarabu chake cha kuungaunga, akakuta watu wanaomwita ndugu usoni na Mzanzibari akigeuza mgongo. Kila asubuhi alitupanga mlangoni akatukagua kanzu zetu kabla hatujakwenda skuli. "Watu wanakutizameni mara mbili," alikuwa akisema. "Msiwape cha kutizama." Tukawa watu wa kunyooka. Kanzu hazina mkunjo, kazini hatuchelewi, msibani hatulii. Sisi kina baba weusi wa mji huu heshima yetu tumeijenga kwa kutoonekana na ufa, na mimi nilikuwa nimepasuka katikati.

Siri yenyewe niliiendesha kijinga. Kwanza, sikutaka yule msichana wa mapokezi anidhanie mgonjwa. Kwa hiyo kila Jumatatu nilitoka kazini mapema, nikarudi nyumbani, nikaoga, nikavaa kanzu mpya, nikajifukiza udi mpaka kwapani, nikafunga kilemba cha sherehe, ndipo nikatoka. Pale kliniki nilikaa kwenye kiti cha plastiki kama bwana harusi aliyepotea njia. Pili, nilihitaji sababu ya kwenda Mawaleh, na nyepesi niliyoiona ni soko kuu la mboga na matunda. Nikawa naaga nakwenda sokoni. Nikitoka kwa daktari niliingia duka kubwa lililo chini ya kliniki, nikanunua nyanya na ndizi na mabiringani, kisha nikakaa garini nikibandua vile vibandiko vya duka kimoja kimoja na kuvitupa vitu ndani ya boksi kuukuu ili vionekane vya sokoni.

Ijumaa ile, nilipofika nyumbani na habari za ndoa yangu, mke wangu alikuwa jikoni anakaanga samaki. Hakugeuka.

"Kaka keshakwambia?"

"Kanambia."

"Basi nami nikuulize moja tu. Nyanya zile za Jumatatu huzitoa wapi?"

"Soko la Mawaleh."

"Soko la Mawaleh lishahamishwa, bwana. Liko Barka. Kitambo. Muscat nzima inajua isipokuwa wewe."

Nilishika mlango. Nilikuwa nikienda Mawaleh kila wiki, ng'ambo tu ya barabara kuu, na kichwa kilinijaa mambo yangu hata sikuona kwamba malori hayapo tena.

"Unajifukiza udi," akasema, na sasa sauti ilikuwa inamkatika. "Unafunga kilemba. Kwa ajili ya nyanya?"

Neno daktari lilikuwa tayari mdomoni. Nikamwona binti yetu anapita ukumbini, simu sikioni, anacheka ile cheko ya mtu anayechekeshwa na mmoja tu duniani, nikalimeza. Kunyamaza kwangu kukawa ndilo jawabu.

"Wageni wanakuja Ijumaa ijayo," mke wangu akasema, akazima jiko. "Nitawapokea, nitacheka nao, kwa ajili ya mwanangu. Jumamosi nakwenda kwa kaka yangu."

Wiki ile sijui niieleze vipi. Alinipakulia chakula na hakukaa kula nami. Akinipa chai alikiweka kikombe mezani, si mkononi mwangu. Mimi nilizunguka na hesabu moja kichwani: nikisema kweli, huenda mke akabaki na posa ikavunjika; nikinyamaza, posa inapita na mke anaondoka. Usiku sikulala na mchana sikuwa macho. Kazini niliwaza nini nitajibu nikiulizwa, na nilipopata jawabu nikaogopa mkono wangu utatetemeka nikilitoa.

Jumatatu nilikwenda kwa daktari bila udi. Ni mtu mzima wa Kisudani, mrefu, mweusi kuliko mimi, na nadhani rangi ile ndiyo iliyonifanya nirudi baada ya mara ya kwanza. Nilimweleza habari za mke wangu wa Mawaleh. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaacha kucheka.

"Mwambie mkeo," akasema.

"Hujui mambo ya kwetu, daktari."

"Mimi mtu wa Omdurman," akanijibu. "Nayajua sana."

Nikatoka nimeshikilia yale aliyonifundisha ya kuvuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, na sikumwambia mke wangu.

Alkhamisi alasiri tulitoka kwenda Seeb kumchukua mama yangu, aliyekuwa kwa mdogo wangu, ili awepo siku ya wageni. Mke wangu alipanda mbele lakini mkoba wake aliuweka katikati yetu. Nilipowasha taa ili nikate njia ya Wadi Adai, akasema huku anaangalia dirishani:

"Pita juu, tusichelewe. Au barabara ya juu nayo ishahamishwa?"

Nikapita juu. Nilijiambia kwamba nina dawa tumboni na mafunzo kichwani. Tulipanda vizuri. Kileleni, pale barabara inapoanza kuanguka na mji mzima unaonekana chini umelala kwenye vumbi mpaka baharini, moyo ukaanza. Vidole vikaondoka. Nilikata kulia, pale panapoachwa nafasi kwa malori yenye breki za moto, nikasimamisha gari, nikaushika usukani kama kwamba mtu ananinyang'anya.

"Una nini?" mke wangu akageuka. "We! Una nini? Moyo?"

Alinivua kofia, akanifungua kifungo cha shingo, akaanza kunipepea kwa mkono wa buibui lake, huku mkono mwengine unatafuta simu. "Naita ambulensi."

"Usiite. Itapita."

"Umejuaje kama itapita?"

"Kanambia daktari."

"Daktari gani?"

"Wa Mawaleh," nikasema.

Kisha nikamweleza yote, pale kileleni, malori yanapita na kuitikisa gari yetu. Nilimweleza lifti, kinyozi, na ile sala niliyoikata. Nilimweleza vibandiko vya nyanya. Alinisikiliza mkono uko mdomoni.

"Hakuna mwanamke?"

"Hakuna."

"Wallahi?"

"Wallahi al-adhim."

Aliinama, paji la uso likagusa mkoba wake. Nikangojea aseme alhamdulillahi. Nilikuwa na hakika atasema.

"Bora ungeoa," akasema.

Yaliniuma maneno yale, na lililoniuma zaidi ni kwamba nilikubaliana naye. Aliinua uso, machozi yanamteremka na wanja unamfuata. "Mke mwenza ningemchukia, kisha ningemzoea. Hili wakilisikia, mwanangu nani atamuoa? Nambie. Nani?"

"Ndiyo maana nikaficha."

"Na mimi? Unalala ubavuni kwangu, unakufa kila siku, mie sijui?" Akanipiga bega, ngumi ya kweli, kisha akanishika palepale aliponipiga. Tukakaa hivyo mpaka pumzi zangu zikaanza kurudi. Akajipangusa uso kwa ncha ya mtandio.

"Teremka. Nitaendesha mie."

Hakuwahi kuiteremka Aqaba kwa mkono wake. Aliiteremka mguu juu ya breki njia nzima, gari inanuka mpira wa kuungua, mimi nimekaa kiti cha abiria nimeukumbatia mkoba wake.

Mama yangu alipoona nani ameshika usukani, alisita mlangoni. "Kwani huyu kavunjika mkono?"

"Kabanwa na pumzi mlimani, mama," mke wangu akamjibu.

Mama akapanda nyuma, akajipanga na vikapu vyake. Tulikuwa tumeshaingia barabara kuu aliposema, "Pumu."

"Sina pumu, mama."

"Hata baba yako hakuwa nayo."

Niligeuka. Alikuwa anaangalia mikono yake. Akasema, kwa sauti ya mtu anayesimulia mambo ya jirani, kwamba baba alikuwa akishikwa hivyohivyo tangu walipokuja nchi hii. Akiingia ofisi za watu. Akiitwa jina lake mbele ya kundi. Midomo inamkauka, anashika ukuta, jasho linamtiririka ndani ya ile kanzu yake isiyo na mkunjo. Yeye mama akawa anawaambia watu pumu, kwa sababu pumu haina aibu. Nikakumbuka utoto wangu wote: baba ana pumu, msipige kelele; baba ana pumu, hatakwenda harusini. Na sikumbuki kumuona na dawa ya pumu hata siku moja.

"Mwenyewe alijua ana nini?" nikauliza.

"Alijua kwamba akisema ataitwa mwendawazimu, na mweusi juu yake," mama akasema. "Kafa nayo. Na wewe kesho wakikuuliza, sema pumu. Neno limeshazoeleka."

"Hata mie naona hivyo," mke wangu akasema, macho barabarani.

Ijumaa alasiri binti yetu alikuja chumbani kwangu na chetezo. Alinifukiza, akanifunga kilemba vizuri maana mikono yangu ilikuwa haishiki, akanitazama kwenye kioo. "Pumua polepole, baba," akasema. Nilidhani ni maneno tu ya mtoto anayemuona baba yake ana wasiwasi siku kama ile.

Wageni wakaja. Baba wa kijana alikuwa mtu mpana, mstaafu wa serikali, anakaa Qurum, na amezaliwa Tabora. Kiswahili chake ni cha bara, kizito, kila neno limekaa sawasawa. Alikuja na ndugu zake wawili na kijana mwenyewe, wakakaa kwenye sabla yetu, chumba cha wageni wanaume, wakitazamana na shemegi yangu na mimi. Mlango wa kwenda ndani umewekwa pazia, na chini ya pazia niliviona viatu vya mke wangu.

Halwa ikapita, kahawa ikamiminwa. Baba mtu alikipokea kikombe chake, akakiweka zuliani mbele yake bila kukigusa. Desturi ya huku ndiyo hiyo: mwenye haja hanywi mpaka ajibiwe. Watu wa bara wameishika kuliko Waarabu wenyewe. Ndugu zake nao wakaweka. Nikaviangalia vile vikombe vinavyofuka mvuke na kifua kikaanza kunibana.

Alisema haja yake kwa maneno mazuri. Kisha akajikohoza.

"Mzee mwenzangu, kabla hujanijibu. Sisi tumeuliza, kama mlivyouliza nyinyi. Tumesikia mema matupu. Ila kuna moja tumelisikia, na mimi napenda nilisikie kwako. Wanasema una nyumba nyingine Mawaleh."

Shemegi yangu alitazama dari, na katabasamu kwenye ncha ya mdomo.

"Si kosa," mzee akaendelea. "Tunataka tu kujua kama nyumba ina amani. Na kama kuna jambo lingine, basi. Kwenu ni wazima?"

Lile swali. Amelitupa mwishoni, kama jambo dogo lililokumbukwa njiani, hasa kama ninavyolitupa mimi. Na majawabu yalikuwa mawili, yote tayari. Ningecheka niseme ndiyo, nina mke Mawaleh, wote wangecheka, na viatu vile chini ya pazia vingesikia. Au ningesema nakwenda kutibiwa pumu. Nikaliona neno hilo limekaa linanisubiri, kama lilivyomsubiri baba yangu mpaka kaburini. Sikuwa shujaa. Nilikuwa nimechoka, na hewa ilikuwa inapungua, na nilijua kwamba nikisema uongo ule sitaweza kuumaliza.

"Sina nyumba Mawaleh," nikasema. "Nna daktari. Nakwenda kila Jumatatu. Daktari wa nafsi."

Tabasamu la shemegi likaanguka.

"Hunishika hofu," nikasema, na sauti yangu nikaisikia inatoka mbali. "Ghafla. Hata nikadhani nakufa. Natumia dawa, nina nafuu. Na mkiuliza kama ni ya ukoo, nadhani baba yangu alikuwa nayo, ila yeye hakutibiwa. Binti yangu hana. Lakini siwezi kukuahidini lolote kuhusu watoto wake. Ndiyo kwetu hivyo."

Mzee wa Tabora aliwageukia ndugu zake. Kisha akasema, "Tunaomba tutoke kidogo," wakainuka wote, kijana nyuma yao, wakatoka uani. Vikombe vikabaki zuliani, vimejaa.

Nilijua maana yake. Shemegi naye aliijua. Nyuma ya pazia nilimsikia mama yangu akisema kwa sauti ya chini, "Nilimwambia aseme pumu," na mke wangu akimjibu, "Mwache, mama," na sauti yake ilikuwa kali. Kupitia dirishani niliwaona wamesimama kando ya gari yao, wazee watatu, kijana katikati, mikono inakwenda. Ikanijia kama inavyokuja. Vidole, koo, moyo. Nikainama mbele ya shemegi yangu, mkono kifuani, kilemba kikanidondoka zuliani. Nilijaribu kuvuta pumzi taratibu na nikashindwa, nikajaribu tena. Nilikuwa nafikiria jambo moja tu: nimemmaliza mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Hapo mlango ukafunguliwa, na yule mzee akaingia peke yake. Alinikuta hivyo, kichwa wazi, nimeshika zulia. Nikataka kukaa sawa, nikashindwa. Alikuja akakaa, si mahali pake pa mwanzo, bali hapohapo karibu yangu, akisaidiwa na goti langu kushuka.

"Kijana wangu anasema alikuwa anajua," akasema. "Binti yako alimwambia zamani. Gari yako aliiona Mawaleh, akaulizia kuna nini pale. Akamwambia kijana wangu, kama hili litakushinda, usiwatume wazee. Kumbe sisi ndio tuliokuwa hatujui."

Pumzi zilikuwa bado hazijarudi. Hakuniambia nitulie wala hakuniuliza kama nataka maji. Alikaa tu, bega lake karibu na langu, akingoja, mpaka ikaanza kupita. Kisha akakisogeza kikombe chake mbele yangu.

"Hii imepoa," akasema. "Nimiminie nyingine."

Shemegi yangu alinyoosha mkono kulichukua dele la kahawa, mzee akamzuia kwa macho. Nikalishika mwenyewe. Nilimimina, na mkono ulitetemeka, kahawa ikamwagikia vidole vyake na kanzu yake nyeupe, na hakukiondoa kikombe.